Ndege wa Dari ya Bibi Wraxall

Ambrose Tulley alizaliwa York, mtoto wa fundi lipu, na hakuwahi kumpenda mtu aliyeshika rula. Baba yake alimfundisha kuchanganya chokaa na manyoya ya ng'ombe, kisha kuifinyanga kwa vidole ingali mbichi, juu ya jukwaa, shingo imepinda. Kwao fundi aliyerudia ua lile lile mara mbili alihesabiwa mvivu.

Ndivyo alivyofinyanga ndege thelathini kwenye dari ya Bibi Wraxall, wasifanane hata wawili. Dari hiyo ilimlisha miaka ishirini, maana kila mgeni aliyeiona alitaka ya kwake.

Kisha mtoto wa Bibi Wraxall akarudi kutoka Roma na msanifu wa nyumba, Bwana Pelling, kijana aliyejaa dharau. Wakataka nyumba iwe kama mahekalu ya kale: nguzo nyembamba, mistari iliyonyooka, kushoto sawa na kulia. Ndege wang'olewe. Ambrose akapewa jaribio: mataji mawili ya majani juu ya meko. Akiyapatia, kazi ya nyumba nzima ni yake.

Alifanya kazi wiki nzima. Pelling akaja kupima.

"Fundi, taji la kushoto lina majani kumi na tisa. La kulia, kumi na saba."

"Najua. Nimeyatofautisha makusudi."

"Makusudi?"

"Mimi si kuku, bwana, nitage mayai yanayofanana."

Vibarua wakacheka. Pelling hakucheka. Akatoa kalibu ya mbao.

"Jaza lipu humu, gandamiza, toa. Hata mpishi anaweza."

"Basi mwite mpishi."

Ambrose akamgeukia Bibi Wraxall, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mama huyu aliwahi kuwapa wale ndege majina.

"Wamepitwa na wakati, Tulley," alisema, macho chini.

Ambrose alichukua nyundo, akapanda jukwaani, akawavunja mwenyewe, mmoja mmoja, Pelling akikohoa vumbi chini yake. Aliposhuka alimpita bibi bila kumuaga.

Miaka tisa iliyomsalia alipiga lipu mazizi ya farasi nje ya mji. Siku moja mkewe akamwambia, "Pelling bado anatafuta mafundi, baba."

"Mwambie nimekufa," akasema, akaendelea kula.