Chupa ya Mama si Kelele

Dada yangu hanipigii simu asubuhi bila sababu. Anajua saa hizo niko mtaa wa Aston hapa Birmingham, kwenye nyumba za watu, nawaogesha wazee, nawapa chai na dawa, na kwamba simu ikilia mfukoni mwangu huwa ni maneno na bosi. Kwa hiyo ilipolia nilitoka nje na glavu mkono mmoja, nikauliza, "Ni mama?"

"Ni mama," akasema. "Haumwi. Lakini hataki kula, na wewe hataki kuongea nawe."

Akanieleza. Jumapili baada ya kanisa mama alikuwa amewaalika akina mama wa jumuiya yake, wale wanaotembeleana nyumba kwa nyumba pale Kitale, waje wanywe chai na kusikiliza wimbo aliopiga Uingereza. Alikaanga mandazi mwenyewe, na macho yake yale yasiyoona vizuri tena. Dada akaunganisha simu na spika, wimbo ukacheza mwanzo hadi mwisho. Gitaa langu lipo. Banjo ipo, mandolini ipo, fidla inalia. Mama hayupo. Akasema warudie. Wakarudia, hayupo. Ndipo mmoja wao, ambaye ulimi wake unaweza kupasua kuni, akasema kwa sauti ya kumhurumia, "Labda uliota, dada yetu. Baridi ya huko huchanganya watu." Wengine wakacheka. Wakamaliza mandazi wakaenda zao.

Mama yangu ni mtu ambaye neno lake pale kijijini linatosha. Watu wakigombania mpaka wa shamba huitwa yeye aseme mti ulikuwa wapi. Sasa ameitwa mwongo ndani ya nyumba yake, na watu aliowapikia, kwa sababu ya wimbo niliomtumia mimi. Nilirudi ndani kumalizia kumvalisha soksi yule mzee niliyekuwa namhudumia, na nakuambia, kama angekuwa na masikio mazuri angesikia nilichokuwa nakisema chini kwa chini.

Ngoja nieleze, maana hata kanisani kwetu hapa Birmingham bado wananiuliza nilifikaje kwenye bendi ya Wazungu. Sisi Wakenya kwa muziki wa kantri hatuambiwi kitu, tumelelewa nao redioni. Hii bluegrass tunayopiga ni binamu yake mwenye vidole vya haraka: gitaa, banjo, mandolini, fidla na lile besi kubwa la kusimamisha, vyote vikavu, hakuna umeme, hakuna ngoma. Bendi yetu ni ya wale wanaojiita wa kisasa. Wimbo unaweza kuanza kama wa kucheza harusini, katikati ukapotea njia, ukabadilisha mwendo mara tatu, ukarudi baada ya dakika kumi ukiwa umeokota vitu vya jazi na vya Wahindi. Wanajivunia kwamba hawana sheria.

Mimi gitaa nilifundishwa na baba. Alipiga omutibo, ule mtindo wa kwetu magharibi, kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Na mpiga omutibo hakai peke yake. Kando yake lazima kuwe na mtu wa chupa, chupa ya soda ya glasi yenye mistari ubavuni, anaikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma, kwa-cha, kwa-cha, mpaka watu wainuke. Mtu wa chupa wa baba alikuwa mama. Harusi zote alizopiga baba, mama alikuwa kwenye kigoda cha pili. Baba alipofariki mama aliiweka chupa kabatini, na sikumsikia akiigusa tena.

Kiongozi wa bendi ndiye mpiga mandolini, mzee wa mtaa wa Castle Vale aliyestaafu kazi ya kutengeneza boila. Alinisikia kwenye ukumbi mmoja nikipiga kwa vidole vyangu viwili, akauliza nani alinifundisha, akaniambia njoo Alhamisi. Nikaenda, nikakaa miaka.

Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho mama alikuja kunisaidia. Akakaa nasi Hodge Hill miezi sita, na haki alikuwa mpweke. Akimsemesha mkubwa wangu Kiswahili, mtoto anaelewa kila kitu, kisha anajibu Kiingereza na kukimbilia ghorofani. Majirani wanapunga mkono dirishani, basi. Kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha, bendi ilikuja kufanyia mazoezi sebuleni kwangu, na mama akawapikia ugali na kuku. Kiongozi alikula akaongezewa, akajifunza kusema "nzuri sana, Mama." Mama akampenda kwa hilo.

Siku moja tulikuwa tunahangaika na wimbo niliotunga juu ya sauti moja ya harusi ya baba. Kila mtu anapiga vizuri, na wimbo umelala. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Huo wimbo hauna miguu," akasema.

Nikamwambia apumzike, yeye ni mgeni. Akanijibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina mwezi hapa. Nitafutie chupa."

Chupa tuliipata kwenye duka la Wakongo. Mama akaketi kwenye stuli karibu na redieta ya kupasha joto, akaibana chupa magotini, akachukua kijiko. Sitaki kutia chumvi. Nasema tu kwamba mpiga fidla alisahau zamu yake kwa sababu alikuwa anamtazama, na mimi niliinamia gitaa ili wasione uso wangu. Tuliurekodi pale pale sebuleni. Ukawa ndio wimbo watu wanaouomba kila tunakopiga. Na mama aliporudi nyumbani, kiongozi wetu kwenye kila jukwaa alisimulia habari za bibi wa Kenya aliyetoka jikoni na chupa. Watu wanacheka, wanapiga makofi, kisha tunapiga wimbo bila chupa kwa sababu mwenyewe hayupo. Miaka yote hiyo amekula sifa kwa hadithi hiyo.

Mwaka huu bendi ikaamua kutoa mkusanyiko wa nyimbo zake bora. Kazi ya kuchagua na kusafisha sauti aliishika kiongozi mwenyewe, pamoja na fundi wa studio. Wimbo wa mama ulikuwamo, nani angethubutu kuuacha. Siku mkusanyiko ulipotoka nilimtumia dada kabla sijaufungua mwenyewe, maana mama alikuwa akiuliza kila wiki.

Baada ya simu ile nikausikiliza kwenye basi. Mwanzo, gitaa. Halafu pale chupa inapoingia, pakavu. Hakuna. Mandolini imekaa mbele kabisa, safi, inameremeta, na gitaa langu chini yake linachechemea likitafuta mtu wa kutembea naye. Sikulia. Nilikasirika hadi nikapitiliza kituo changu.

Jioni ile sikwenda nyumbani, nilikwenda Castle Vale. Ilikuwa siku ya mazoezi na gitaa nilikuwa nalo mgongoni. Wenzangu walikuwa hawajafika. Kiongozi akanifungulia, akaweka maji ya chai, nikamwambia aache chai.

"Chupa iko wapi?"

"Aa, ile," akasema. "Tulisafisha kidogo."

Akaanza kunieleza, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kompyuta siku hizi inaweza kuchambua sauti moja moja kutoka kwenye rekodi ya zamani. Kwamba chupa ilikuwa inaziba vitu. Kwamba mtu akisikia redioni angedhani ni hitilafu. Sasa kila kitu kinasikika vizuri zaidi.

"Kipi kinasikika vizuri zaidi?"

"Mandolini, kwa mfano."

"Ya nani?"

Akatazama meza. Kisha akasema, na nilijua atasema, kwamba bluegrass kwa kawaida haina ngoma. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Huyu mtu ana wimbo wa dakika kumi na mbili usio na kiitikio. Huyu mtu alileta tabla, ile ngoma ya Kihindi, ya kukodi kwenye albamu ya pili, na hiyo tabla imo kwenye mkusanyiko, nimeisikia, haikusafishwa. Sheria zote za bluegrass amezivunja na kusifiwa, mpaka ilipofika kwa mama yangu ndipo akaikumbuka moja. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Lakini tumemshukuru," akasema, akanionyesha jalada. Kweli, jina lake lilikuwepo kwa herufi ndogo kama mchwa, kati ya mwenye ukumbi na mbwa wa mpiga banjo. Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mara nyingi katika nchi hii, lakini hiyo ya mbwa ilinishinda.

Nikamweleza yaliyotokea Kitale. Mandazi, spika, kicheko. Nikamwambia mama yangu ameitwa mwongo na hali chakula. Uso wake ukawa mwekundu mpaka kwenye masikio.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Tunaweza kuirudisha. Itachukua miezi kadhaa."

"Hiyo ni ya baadaye. Kwetu mtu akiaibishwa mbele ya watu, huombwa radhi mbele ya watu. Jumapili utampigia."

Sikufanya mazoezi siku hiyo. Jumapili nikarudi jikoni kwake. Dada alikuwa amewakusanya akina mama wale wale, na sijui alitumia maneno gani kuwapata. Simu tukaiegemeza kwenye birika, picha ikaja: mama katikati kwenye kiti, kitambaa chake cha kanisani kichwani, wengine wamemzunguka. Hakuitazama simu, angeona nini.

Kiongozi akaanza na hali ya hewa. Nikatafsiri. Akaingia kwenye sababu za kiufundi, nikakataa kutafsiri.

"Sema uliitoa," nikamwambia kwa Kiingereza.

"Alipiga," akasema. "Alipiga vizuri sana. Mimi ndiye niliyeitoa."

Nikayapeleka neno kwa neno. Jogoo akawika kule Kitale. Kisha yule mwenye ulimi, nani mwingine, akauliza, "Kwa nini?"

"Nilidhani ni kelele," akasema kiongozi.

Nilitafuta neno laini zaidi. Halafu nikajiuliza, namfichia nani? "Anasema alidhani ni kelele," nikatafsiri. Wale akina mama wakaguna wote kwa pamoja, na mmoja akamshika mama bega.

Mama akarekebisha kitambaa chake. "Mwambie asante kwa kusema ukweli," akasema. "Na mwambie huenda amesahau ilivyokuwa. Ni mzee kama mimi. Nitampigia asikie."

Dada akampa chupa, ile ya kabatini, kumbe ilikuwa tayari imeoshwa. Mama akaibana magotini, akainama, akaanza. Nililiona bega lake likienda. Niliwaona akina mama wakianza kutikisika, yule mwenye ulimi akisimama na kufunga leso kiunoni. Na jikoni Castle Vale hatukusikia kitu. Vigelegele vilifika, kikohozi kilifika, hata yule jogoo. Nikafikiri ni mtandao. Nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaweka sikio. Ndipo nikaelewa. Hizi simu zimetengenezwa zipitishe sauti ya mtu tu, kinachogonga na kukwaruza zinakihesabu ni uchafu wa chumbani, zinakifuta kabla hakijakufikia. Mkono wa mama ulikwenda na kwenda, jasho likamtoka, na kwetu kimya.

Alipomaliza alikuwa anahema. "Mmesikia?"

Kiongozi akaisogelea simu, amejaza huruma usoni. "Nzuri sana, Mama," akasema. "Nzuri sana."

Wakapiga vigelegele upya. Mama akatabasamu, na hilo tabasamu sikuweza kulivumilia.

"Hatujasikia, mama," nikasema. "Anakuridhisha tu. Simu imeifuta. Hatujasikia hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Dada akanikazia macho kutoka Kitale. Mama akaiweka chupa chini ya kiti, akajifuta uso na ncha ya kitambaa. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Kwani nyinyi huko huwa mnasikia nini?"

Kiongozi akanigeukia kutaka kujua amesema nini. Nikamtafsiria kama lilivyo, nikachukua gitaa langu, nikaenda kungoja basi.