Baba Alipokwenda Kumuuliza Rubani

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa, pale uwanja wa ndege wa Sumbawanga. Nilipima mvua, nikasoma upepo, na ndege ilipokaribia nilisaidia kufukuza ng'ombe uwanjani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa. Niliomba kusomea urubani bila kumwambia mtu nyumbani, kwa kuwa sikutegemea kupata. Nikapata. Kulikuwa na nafasi za ufadhili katika nchi tatu, Urusi, Kanada na Ethiopia, na wizara ikanitaka niseme nataka kwenda wapi.

Sikujua nianzie wapi. Sikuwahi kukutana na mtu aliyechagua shule ya urubani. Jumamosi nikadandia lori hadi kwetu Mpui, nikawaeleza wazazi.

Baba alikuwa katekista na mkulima wa mahindi na ulezi. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na shamba letu la zamani alilifuata kwa baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama aliuliza kwa Kifipa kama huko wanawake wanaruhusiwa, nikasema ndiyo, akarudi jikoni. Baba akauliza, "Huyo anayeleta ndege Sumbawanga alisoma wapi?"

"Sijui, baba. Sijamuuliza."

"Unamwona kila akija na hujamuuliza?"

"Ni rubani, baba."

"Na wewe unataka kuwa nani?"

Wiki iliyofuata nikamkuta baba amekaa nje ya kituo chetu, baiskeli ameiegemeza ukutani, amevaa koti lake la Jumapili. Siku hiyo mawingu yalishuka chini kabisa na ndege haikuja. Akalala chumbani kwangu mtaa wa Mazwi, mimi nikalala kwa jirani, na asubuhi tukarudi wote uwanjani. Mkuu wangu wa kazi alimpa kiti. Alikaa hapo akisali rozari yake mpaka tukasikia injini.

Rubani alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye haraka ya kuondoka kabla mvua haijaanza. Alimwamkia baba, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu ni binti yangu. Serikali inataka kumpeleka akajifunze kazi yako. Nimekuja kuuliza aende shule ipi."

Mimi nilikuwa nimevaa buti za mvua, nimeshika chupa ya kupimia maji. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini rubani hakucheka. Aliniuliza, "Ukimaliza, unataka kurusha ndege wapi?"

"Huku huku," nikasema. "Bara."

"Basi nenda Ethiopia. Wako juu milimani kama nyinyi. Huku juu hewa ni nyembamba. Ndege inachelewa kupaa, na kutua inatua kwa kasi kubwa. Aliyejifunzia chini, siku ya kwanza akija hapa anatokwa jasho."

"Wewe ulijifunzia wapi?" baba akauliza.

"Tambarare, mzee. Jasho hilo nalijua."

Kisha baba akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta kutoka Mpui. "Akianguka huko, nani atamzika?"

"Mwalimu anakaa naye ndani ya ndege, mzee. Na mwalimu hataki kufa."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Akatembea mpaka kwenye ndege, akaweka kiganja juu ya bawa, akakiacha hapo muda, kama afanyavyo kwa ng'ombe anayetaka kumnunua. Kisha akapanda baiskeli yake akarudi nyumbani.

Nikachagua Ethiopia. Mvua zilipokaribia kwisha, jibu likaja kwamba nafasi za mwaka huo zimejaa. Nichague Urusi au Kanada, au ningoje mwaka mwingine. Safari hii nilimfuata rubani mwenyewe, bila kusindikizwa.

"Hewa nyembamba utaizoea ukirudi," alisema. "Kitu cha kwanza ni mwalimu ambaye akikupigia kelele unamwelewa papo hapo. Kirusi unakijua?"

"Hapana. Wanafundisha lugha mwaka mzima kwanza."

"Mwaka mmoja utakufaa sokoni. Ndege ikienda upande, sijui."

Kiingereza nilikuwa nacho. Nikachagua Kanada, na habari ikafika kijijini kabla yangu. Jumapili baada ya misa mwenyekiti wa kijiji alikuja kwetu. Mama akampa togwa.

"Ndugu katekista," alianza, "marafiki zetu wa kijamaa wametoa nafasi, binti yako anaikataa. Watu watatuelewaje?"

Nilifungua mdomo, lakini baba akanitangulia. "Mwenyekiti, mwanangu hajakataa ujamaa. Amekataa kufundishwa kutua kwa lugha asiyoijua. Wewe ungekubali?"

"Mimi si rubani."

"Hata mimi si rubani. Ndiyo maana niliuliza."

Mwenyekiti hakuridhika, lakini togwa aliimaliza. Siku ya kuniaga alileta jogoo, akatoa hotuba ndefu kuhusu nidhamu ugenini.

Kanada nilikuta nchi tambarare mno, na baridi iliyonifanya nione kwamba baridi yetu ya Ufipa ni ya kuzoea tu. Mwalimu wangu alipiga kelele kweli. Nilimwelewa neno kwa neno. Mara ya kwanza nilijifungia chooni nikalia, na kesho yake nikapaa naye tena. Miezi ya kwanza nilikuwa mpweke sana. Jumapili nilikaa nyuma kanisani nikisali kwa Kifipa.

Niliporudi nyumbani nilipangiwa kuruka kama msaidizi wa rubani yule yule, na haikuchukua muda tukapewa safari ya Sumbawanga. Aliniachia usukani. Niliona kwanza mashamba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa hufukia majani ndani yake, maelfu kwa maelfu. Sikujua kama yanapendeza hivyo. Kisha uwanja ukaja, na ardhi ikaanza kukimbia chini yangu kwa kasi nisiyoizoea. Nikaona nimezidisha mwendo, nikapunguza nguvu za injini.

"Usitazame ardhi!" alifoka. "Soma mwendo! Ongeza, ongeza, zunguka!"

Kipima mwendo kilionyesha tumepungua mno; ardhi ilikimbia kwa sababu ya ile hewa nyembamba. Niliongeza. Ndege ilinyanyuka kwa uvivu, tukazunguka juu ya mji. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa. Mara ya pili nilikaza macho kwenye kipima mwendo nikaacha ardhi ikimbie itakavyo. Tulitua mbali, tukasimama karibu na mwisho wa uwanja, lakini tulisimama.

Wazazi walikuwepo, maana nilikuwa nimewatumia habari. Baba alimpa rubani mkono kwanza, kisha mimi. "Mbona ulipita bila kushuka?" akauliza.

"Nilikosea, baba. Nikarudia."

"Sawa," alisema, na nadhani jibu hilo lilimtosha.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Ziwa Rukwa, hatukuweza kukaa. Mama alikuwa amepika ugali wa ulezi na maharage, amefunga kwenye kitambaa, akakasirika kwamba sitakula mbele yake. Tulikula jioni Mbeya, mimi na rubani, tumekaa chini ya bawa, ugali ukiwa umeshapoa.