Kelele za Mashine ya Mama Mkwe

Fundi wa injini za dizeli anayeitwa Robo na mtaa mzima alijitafutia jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alichokiona alitaka kukipunguza robo au kukiongeza robo: bawaba za mlango, miguu ya kitanda, fundo la tai ya bwana harusi asiyemjua hata kwa sura. Kwenye injini, ugonjwa huo ulikuwa kipaji. Kwenye ndoa ulikuwa balaa.

Mkewe ana kicheko cha kung'oa mabati. Jumapili moja, wageni wamejaa sebuleni, alikiachia chote, na Robo, bila hata kufikiri, akainua vidole viwili akavizungusha kama anayekaza skrubu. "Mke wangu, punguza robo tu."

Wageni wakatazama viatu vyao. Asubuhi mke akafunga begi, akaenda kwa mama yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akicheka. Robo alipiga simu kuomba radhi. Akajibiwa "sawa," ile sawa ya kufungia mtu nje.

Bahati yake, mashine ya kusaga ya mama mkwe ikaanza kutoa moshi mweusi na kuishiwa pumzi. Mama akampigia mwenyewe. "Njoo uitengeneze. Ikipona, nitakusemea kwa mwenzio. Isipopona, usinizoee."

Alifika mapema, injini ikiwa bado baridi, maana ikishapata joto vipimo vya tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, vinadanganya. Mkewe alikuwa mlangoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Habari za hapa?"

"Za hapa zipo hapa hapa," akasema, akaendelea kufagia, vumbi lote likielekea kwenye viatu vya mumewe.

Robo akaanza na nozeli. Aliifungua, akaielekeza mbali na watu, akazungusha injini kwa mkono. Badala ya kupuliza ukungu wa dizeli, ikatema matone kama mtoto aliyekataa dawa. Akaibadilisha. Kisha akafungua kifuniko cha valvu, akalizungusha lile gurudumu zito taratibu mpaka valvu zote mbili zikafunga, akapenyeza kipande chembamba cha kipimo kwenye nafasi iliyo juu ya kila valvu. Kikikwama, pamebana. Kikipita kama kimekaribishwa, pamelegea. Kinatakiwa kipite kikilalamika kidogo. Kwenye valvu ya moshi kilipita kama mwizi kwenye ua usio na mbwa. Robo akakaza skrubu, robo tu, na safari hii hakuna aliyenuna.

Injini ikawaka. Moshi ukawa mwepesi, mlio laini kama paka aliyeshiba. Mama mkwe akatoka mbio.

"Umeiua!"

"Mama, si hii hapa inazunguka?"

"Mbona haisemi?"

Kumbe ile *ta-ta-ta* ya tapeti iliyolegea ndiyo iliyokuwa tangazo la biashara. Wateja wa ng'ambo ya bonde waliisikia wakabeba ndoo zao. Mama mwenyewe alisinzia nayo, ikinyamaza anashtuka. Hadi adhuhuri alikuja jirani mmoja tu, naye hakuja kusaga. Alikuja kutoa pole.

"Nirudishie kelele zangu," mama akasema.

"Mama, zile kelele ni valvu inapigwa nyundo. Nikiilegeza, itakufa."

"Mashine ni yako au yangu?"

"Mwambie, mama," mkewe akadakia. "Huyo kazi yake ni kupunguza watu sauti."

Spana ilikuwa mkononi. Kuilegeza ile skrubu ni kufumba na kufumbua, na mama mkwe angemsemea vizuri. Lakini kuua valvu nzima ili kununua mke, hapana, hilo mkono ulikataa. Akazima injini, akaenda jalalani, akarudi na kifuniko cha kopo la rangi. Akakifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba la moshi, upande mmoja tu, kiweze kufunguka na kujifunga. Akawasha. Kila pumzi ya injini ikakirusha juu, kikaanguka: *TA! TA! TA!*

Mama akainamisha kichwa, akasikiliza. "Ehe! Imepona. Ila naona imezidi ya zamani kidogo."

Mkono wa Robo ukaruka wenyewe kuelekea kwenye waya. "Basi niipunguze ro—"

Akaona macho ya mkewe juu ya ufagio. Akalimeza neno hilo kavu kavu, likapita kooni kama nati. Mkono ukabaki hewani, hauna pa kwenda. Akajikuna nao sikio.

Mkewe akajaribu kujizuia. Akashindwa. Kicheko kikapasuka, kikaifunika mashine, kifuniko na vyote, kikavuka bonde. Robo akasimama pale pale, vidole amevikunja ngumi, akakipokea chote.

"Mwenzio huyu..." mama akaanza kumsemea.

"Nimemwona, mama," mkewe akasema, akijifuta machozi na unga. Kule chini ndoo zilikuwa zimeanza kupanda. "Nitarudi jioni, tukimaliza kusaga. Wewe, usisimame kama bomba. Beba magunia."