Akiba Iliyooza

Mke wa fundi baiskeli alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba, na amekonda hadi mbavu zinahesabika. Akizaa salama, watoto watapata maziwa. Lakini pumba zilikuwa zimepanda bei kama zimeingiwa na wazimu, na fundi alikwishakata shauri: mwezi ukiisha ng'ombe hajanenepa, mchinjaji amchukue. "Kwa hali hii siku ya kuzaa atalala asiinuke," alisema. "Tutakosa mama, tutakosa na ndama."

Mwanamke hakukubali. Muhogo shambani kwake ulikuwa wa kumwaga. Akaumenya, akaukata vipande vyembamba na kuuanika uwe makopa juu ya bati la banda, jua liutoe sumu na kuukausha, ndipo ng'ombe apewe pamoja na majani ya maharage. Majirani wakacheka: "Leo ng'ombe anakula makopa, kesho atadai chai!" Aliwaacha wacheke, meno ni yao.

Kilichomtoa roho ni jambo jingine. Kila jioni akipanda kugeuza makopa, aliyakuta yamepungua. Alilaumu kuku, akalaumu kunguru, akawafokea watoto hadi wakalia. Akaanika mengine, nayo yakapungua vilevile. Ng'ombe akawa anapata kiganja badala ya beseni. Hasira zilimjaa hata sufuria akiitua jikoni, aliitua kwa kishindo. Nani ana haja na muhogo mkavu, nyumba nzima inakula na kushiba?

Siku moja alikuwa akifagia chumba cha mama mkwe wake, fagio likagonga kitu uvunguni. Magunia mawili.

"Mama, hiki nini?"

"Akiba," bibi akajibu bila haya. "Mwanangu, mimi njaa nimeiona. Nimezika mtoto kwa kukosa makopa kama hayo. Nitakaaje nitazame chakula cha watu kinaingia mdomoni mwa mnyama? Hayo ni ya wajukuu zangu. Akiba haiozi."

Mwanamke akafungua gunia. Harufu ikampiga usoni. Bibi alikuwa ameyakokota makopa kutoka batini kwa mkongojo wake kabla hayajakauka, akayafungia na unyevu wake, na sasa yameota ukungu mweusi, gunia la kwanza na la pili. Hayakufaa mtu wala ng'ombe. Alitaka kupiga kelele, lakini utamgombezaje mama aliyezika mwanawe? Akayaburuta hadi kwenye shimo la taka, akayamwaga, machozi ya hasira yakimtiririka.

Mwezi ukaisha muhogo mwingine haujakauka. Mchinjaji akaja, akamtia ng'ombe kamba shingoni na kumvuta nje ya ua. Mama mkwe akatoka anachechemea, mkongojo mkononi.

"Mnampeleka wapi? Na wajukuu zangu watakunywa nini?"

Mke wa fundi ndiye aliyejibu.

"Watakunywa akiba yako, mama."