Siku Peniamina Alipoimba Sauti ya Kwanza

Peniamina Lauofo wa kijiji chetu cha Satupaitea, huko Samoa, alikuwa fundi uashi, pande la mtu, na alikuwa anaogopa mende. Akimwona mmoja ukutani, yeye anatoka nje, anamwita mkewe, na harudi ndani mpaka aonyeshwe maiti.

"Leitu! Yupo huku!"

"Nani tena?"

"Wewe njoo tu!"

Leitu anakuja na kandambili, anamaliza kazi. "Haya, huyu hapa marehemu. Ingia, simba wangu."

Kwenye kwaya yetu Peniamina aliimba sauti ya nne, nzito mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mwaka ule paa la kanisa lilikuwa linaezekwa upya, tukahamishia mazoezi sebuleni kwake. Mashindano ya kwaya yalikuwa yamekaribia, na wimbo wetu ulikuwa na mahali pa juu sana ambapo wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa hawafiki.

"Nyie akina mama," mwalimu wetu, Mama Sinira, aliwauliza, "hapo mnapanda au mnakohoa?"

Tulikuwa tumekaa mikekani, mimi ubavuni kwa Peniamina. Tulipokaribia pale pagumu, nikaona mende anatoka ukingoni mwa mkeka. Akachezesha masharubu, akatazama huku na huku, kisha akaingia chini ya lavalava aliyojifunga Peniamina kiunoni. Nilitaka kumwambia, lakini Mama Sinira hapendi mtu aongee katikati ya wimbo.

Peniamina akapanda. Alianzia kule chini kwake, akapita sauti ya tatu, akapita ya pili, akaifikia ile noti na kuivuka. Mbwa wa jirani wakaitikia. Wanawake wote wakanyamaza. Mama Sinira alifumba macho, machozi yanamlengalenga.

"Nani huyo?" aliuliza.

Alipofumbua macho, Peniamina yuko juu ya kochi, ameshika nguo kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kaingia!"

"Kaingia wapi?"

"Huku!"

Leitu akafika na kandambili. "Tulia hapo hapo, baba."

"Usinipige!"

"Sasa nimpigeje yeye bila kukupiga wewe?"

Akampiga. Mende akatoka mzima, akaruka, akatua kwenye nywele za Mama Sinira. Mama wa watu akampangusa kama vumbi, wala hakumwangalia. Macho yalikuwa kwa Peniamina.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo noti."

Peniamina akajaribu. Ukatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta.

"Mkamateni yule mende," akasema Mama Sinira.

Wazee watatu wa kanisa wakaanza kutambaa chini ya makochi.

"Mkimleta tu," Peniamina akapiga kelele, "nahamia kwa Wamethodisti!"

Hawakumpata. Ila wanawake walirudi makwao wamenuna, maana mwanamume mwenye ndevu alikuwa amewapita, tena bila kukusudia. Wiki nzima tuliwasikia wakifanya mazoezi huku wakifua, huku wakikuna nazi. Siku ya mashindano waliipata ile noti, tukashika nafasi ya pili. Peniamina alisimama nyuma kabisa, amevaa suruali ndani ya lavalava, ameichomeka kwenye soksi.

Siku hizi anajisifu kijijini kwamba yeye peke yake ameimba sauti zote nne kwa pumzi moja.

"Kweli kabisa," Leitu humwitikia. "Na hukuhitaji hata mwalimu."