Orodha Iliyofunguka Ukweni

Bora niseme mwenyewe, maana huko Maswa wanaisimulia kwa kuongeza chumvi, na aibu ni yangu.

Nilikwenda kumposa Kabula (mke wa kwanza alinikimbia mwaka ule pamba ilipokataa), na baba yake, Mzee Nkwabi, akataka kuwaona ng'ombe kabla ya neno lolote, nao wako mbali, Lingeka. Nikaona, kwa nini niwachoshe kwa mguu na mimi ni fundi simu hapa Bariadi, si niwapeleke kwa picha. Masanja, fundi mwenzangu, akanionyesha: unafungua lile dirisha jeusi kwenye laptop, unaandika python -m http.server, laptop inakuwa seva, wenye simu wanaunga kwenye hotspoti yako, wanaandika namba unazowatajia, wanaona vitu vyako bila bando. Hakunikazia (ni Masanja huyu huyu, mumjue) kwamba seva inaonyesha folda uliyosimama ndani yake. Mimi nilisimama nje ya folda ya ng'ombe, pale ninapoweka mambo yangu yote.

Sebuleni kwa mzee wakainamia simu. Kwenye dirisha jeusi mistari ikaanza kushuka, mmoja kila mtu anapofungua kitu, taratibu kama mvua ya kwanza juu ya pamba changa, nami nikaitazama mpaka nikapotea, nikawaona ng'ombe wangu wakivuka mto Simiyu, maji yamewafika tumboni, Kabula yuko ng'ambo na kitenge cha njano anawaita mmoja mmoja, na wote wanamwitikia, wala sikusoma hata mstari mmoja.

"Fundi," Mzee Nkwabi akasema kwa upole, "huyu anayeitwa Walionidhulumu ni dume au jike?"

Lilikuwa faili langu la miaka mingi, mtu na kosa lake. Wa tatu ni yeye: "Nkwabi, karani wa mizani ya pamba, kidole chake kizito kuliko gunia." Wa tisa ni Limbu, mshenga wangu, aliyekaa kulia kwangu.

"Kumbe mimi wa tisa tu," Limbu akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Nikaifunga laptop, lakini walishasoma.

"Ng'ombe wako wabaki Lingeka," mzee akasema. "Wasichoke bure."

Kabula alinikuta barabarani, ameniletea chaja niliyoisahau.

"Nimesoma mpaka mwisho," akasema. "Kidole cha baba ni kweli, tunakijua. Nilikuwa natafuta jina lako humo. Halipo."

Akarudi ndani.

Sasa siandiki ile komandi kabla ya kuangalia nimesimama wapi. Faili sijalifuta (Masanja nimemwongeza), ila juu kabisa, kabla ya mtu wa kwanza, nimeacha mstari mtupu. Jioni nikifunga kibanda nalifungua, naandika hapo herufi mbili za jina langu, halafu nazifuta.