Batoto Yangu Batatu, Balinzi ya Telefone

Municheke tu, miye mwenyewe nimeisha kujicheka. Binti yangu aliniambia: «Papa, tia mot de passe, neno ya siri, nguvu mu telefone, mais ile hautasahau.» Nikatia majina ya bavulana yangu: MumbereKambaleKasereka. Nikajiona mutu ya akili, maana mule nilificha sauti yangu ya kikohozi, niliyojirekodi nikijizoeza kuposa Mama Kavira, mujane mwimbaji ya korali yetu hapa Butembo.

Siku ya Mungu, nikicheza kupeleka matoleo, telefone ikaanguka. Misa ilipoisha, katekista akaiinua mbele ya mikro: «Ya nani?» Miye nilikuwa nasinzia, mahubiri ilikuwa imenichosha, murefu kama barabara ya Kipese.

Katekista akasema: «Donc tuifungue. Mwenyewe ni Munande kama siye, ametia tu majina ya bavulana kwa kufuata kuzaliwa: wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka.»

Ikafunguka! Nyumba gani Butembo haina batoto hao?

Kidole yake ikagusa ile sauti, nikashituka kuisikia kanisa muzima: «Mama Kavira, kho! kho! Moyo yangu inatokota kama sombe mu chungu…»

«Nani huyu?» katekista akauliza. Korali yote ikageuka, Mama Kavira wa kwanza. Nikainama, nikaziba kinywa, nikamulilia Bikira Maria. Mais kifua ya muzee haijui siri.

«Kho! kho!»